Magongo Mawili na Bega la Jirani

Mliponiaga pale kituoni mwezi uliopita kwa keki na soda, kijana mmoja wenu alisimama akasoma hotuba nzuri sana. Alisema mimi, Zena, nimetumia maisha yangu yote ya kazi kuwasaidia watu kujitegemea. Keki ikanipalia. Si kwamba alikosea, maskini. Neno hilo liko kwenye kila faili letu: lengo la matibabu, mgonjwa ajitegemee. Hata bibi kizee aliyevunjika nyonga, mwenye wajukuu wanaogombania kumpelekea uji kitandani, sisi tunamwandikia ajitegemee, utadhani tunataka kumfukuza nyumbani kwake. Nikaona kabla sijazoea kukaa sebuleni na rimoti mkononi, niwaandikieni jinsi nilivyofundishwa mimi neno hilo, na nani alinifundisha, na fundi cherehani mmoja wa mtaa wetu wa Biryogo ambaye alitutoa jasho sote.

Niseme mapema kwamba ninayoyasimulia ni ya mwaka tisini mpaka tisini na mbili. Vita vilikuwa kaskazini mwa nchi, mjini kulikuwa na vizuizi barabarani na watu walishajifunza kuongea kwa sauti ya chini. Mifupa lakini iliendelea kuvunjika kwa sababu zake za kawaida: ngazi, pikipiki, malori, na wanaume wanaopanda juu ya paa bila kuombwa. Ya tisini na nne sitayaandika hapa. Yalinichukulia watu wengi niliofanya nao kazi kituoni, na nikiwatia katikati ya mizaha yangu nitakuwa nimewakosea heshima. Nawalilia mpaka leo. Salumu, yule fundi, yuko hai, na amenipa ruhusa nimseme kwa sharti kwamba niandike alikuwa mwanamume mzuri wa sura. Nimeandika. Kila mtu na macho yake.

Nilianza kazi nikiwa msichana mbichi wa Biryogo, nimetoka shule ya uuguzi, sare yangu imepigwa pasi mpaka inakwaruza shingo. Kituo kilikuwa jengo la matofali nyuma ya hospitali, upande mmoja ukumbi wa mazoezi wenye sakafu ya saruji laini tuliyoipiga deki kila asubuhi, upande wa pili karakana. Bwana wa karakana alikuwa Mzee Bahati, Mzaire wa Bukavu kama tulivyokuwa tukisema siku zile, mtu mfupi mwenye kofia ya sufi aliyoivaa hata jua likiwaka, na penseli nyuma ya sikio. Yeye ndiye aliyechonga magongo ya mbao, haya ambayo Wanyarwanda huyaita imbago, na yeye ndiye aliyemfundisha kazi kila aliyepita pale. Alirudi kwao uzeeni akafia kitandani kwake, na habari ilipofika nililia kama mtu aliyefiwa na baba.

Desturi yake ilikuwa moja. Kila mfanyakazi mpya, awe muuguzi au mpishi, juma la kwanza alilimaliza juu ya magongo. Asubuhi yangu ya kwanza nilidhani nitapewa chumba na mgonjwa. Mzee Bahati alinikalisha kwenye benchi, akaukunja mguu wangu wa kushoto, akaufunga kwa bendeji ngumu, akanipa magongo mawili. Nikamuuliza ni adhabu ya nini. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Weye utatembea hivi juma yote. Kisha ndiyo utafundisha mutu."

Ilipofika saa nne nikataka chai. Nilijikokota mpaka jikoni, nikaimimina mwenyewe nikijisifu, kisha nikasimama pale na kikombe changu nikitafakari. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye magongo. Nilijaribu kukisukuma kikombe juu ya meza, nikasonga, nikakisukuma tena, meza ikaisha. Mwishowe ilibidi nimwombe mgonjwa, mama mmoja mkulima kutoka Kibagabaga, ambako wakati huo kulikuwa bado mashamba. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye plasta. Akanibebea kikombe kwa mkono wa pili, mimi nikimfuata nikirukaruka, tukafika kwenye benchi wote wawili tukicheka. Akaniambia tangu afike hospitali ile, hakuna mtu aliyemwomba chochote, na alikuwa ameanza kujiona kama gunia. Kutoka hapo kila siku chai yangu aliileta yeye, na mkono wake ulipona vizuri, ingawa kuhusu hilo sidai sifa.

Katika juma lile ndipo nilipojifunza vitu ambavyo ninyi mnavisoma vitabuni. Gongo linapimwa mtu akiwa amevaa viatu vyake anavyovivaa kila siku, si vile vya hospitali. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo lazima vidole vipite. Uzito unakaa kwenye viganja. Anayelalia magongo kwa makwapa, baada ya muda mikono inamfa ganzi, na sasa una mgonjwa wa mguu na wa mikono. Mpira wa chini tuliukata kwenye matairi kuukuu kwa wale wanaoshona makatambuga, na ukiisha unabadilishwa kabla mtu hajaanguka, si baada yake. Nawakumbusha tu, maana nimeona baadhi yenu mnavyosubiri.

Mzee Bahati alikuwa na maneno yake matatu, na alituchapa nayo kila siku. Kuegemea, alisema, ni kwa muda: unachoka, unaegemea ukuta, unaondoka, ukuta haujui hata kama ulikuwepo. Kutegemea ni mapatano: wewe unajua unaweka uzito gani na wapi, na kinachokubeba kiko tayari. Kulalia ni kumwangushia mwenzako mwili wote halafu ukafumba macho. Mgonjwa akiingia, alimtazama kwanza ni mtu wa lipi kati ya maneno hayo matatu, ndipo aangalie mguu. Sisi vijana tulimwiga tukimcheka, tukipeana majina. Mpishi wetu, kwa mfano, alikuwa analalia.

Salumu alikuja kwetu mwishoni mwa mwaka tisini na moja. Lori lilikuwa limerudi nyuma sokoni bila dereva kutazama, likamponda, na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Alikuwa fundi cherehani anayejulikana Biryogo nzima, mtu wa mzaha na maneno mengi, lakini aliyeingia ukumbini siku ile hakuwa na neno hata moja. Mkewe Hadija alibeba kila kitu: chupa ya chai, taulo, mto, na karibu ambebe yeye mwenyewe. Alipoulizwa jina, Hadija akajibu. Alipoulizwa anaumwa wapi, Hadija akaonyesha. Ilipomiminwa chai, Hadija akaikoroga, akaipuliza, akamkabidhi. Mzee Bahati akatazama yote hayo kisha akauliza kwa upole, "Mama, ile mikono ya bwana yako iko na ugonjwa gani?"

Hadija akaangua kicheko, nadhani cha kwanza tangu ajali. Salumu hakucheka. Mzee akaketi karibu yake, akamuuliza nyumbani kwao ni nani anayemtegemea. Salumu akajibu kwamba zamani ulikuwa mtaa mzima, sasa hakuna, nani ampelekee kitambaa fundi asiye na mguu wa kukanyagia cherehani. Alisema akitazama ukuta. Nilimhurumia mpaka nikajifanya natafuta bendeji.

Basi karakana ilikuwa na cherehani kuukuu ya miguu tuliyoshonea mikanda ya ngozi. Mzee akamkalisha pale. Mguu mmoja unatosha ukijua kukanyaga kwa kisigino na vidole kwa zamu, na gurudumu ukalianzisha kwa mkono. Siku za kwanza ilikuwa nyuzi kukatika na Salumu kutukana kimoyomoyo. Kisha siku moja nikasikia anauliza kwa sauti mkanda ule kaushona nani, kuku? Mkanda ulikuwa kazi yangu. Sikujua kama nikasirike au nishangilie. Alikuwa amerudi mwenyewe, na tangu siku ile hakuna mshono wetu uliosalimika na ulimi wake.

Sasa, wakati mambo yameanza kunyooka, Ramadhani ikaingia na kaka yake akaingia nayo. Rajabu alikuwa na duka Bujumbura, mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kuamuru. Baba yao alishafariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa baba. Alipokiona kigutu alilia machozi ya kweli, na sikuwahi kushuku kwamba alimpenda mdogo wake. Alipomaliza kulia akaamua. Baada ya Idd, Salumu na Hadija watahamia kwake Bujumbura, kuna chumba uani, atakula, atapumzika, hatasumbuliwa na mtu. Cherehani yake ya nyumbani apewe mpwa wao mmoja anayejifunza.

Hadija alikuja kunitafuta kituoni macho yamemvimba. Alikuwa na mama yake mzee pale Biryogo, lakini hakuanza na huyo. "Dada Zena," akaniambia, "akienda kule atalishwa mpaka afe."

Kumkatalia kaka usoni Salumu hakuweza, na ninyi mliolelewa kwetu mnaelewa. Alichoweza ni kuomba. Akamwomba Rajabu kwamba siku ya Idd, kama atatoka nyumbani mpaka msikitini na kurudi kwa miguu, yaani mguu, amwache aendelee na maisha yake. Rajabu akafikiri, akakubali kwa sharti. Asishikwe na mtu. Akimwona ameshikwa, hata kidole, mabegi yanafungwa.

Hapo Salumu akageuka mtu mwingine. Aliyekuwa akikorogewa sukari sasa hakutaka hata kufunguliwa mlango. Ukimsogezea kiti anakusogeza wewe. Katika ukumbi wetu aliruka na magongo yale mpaka wagonjwa wengine wakawa wanampigia makofi, nasi tukampigia makofi, wajinga sisi. Sakafu ilikuwa laini, milango mipana, hakuna mtu njiani. Kati yetu wote tuliokuwa tukijidai na kazi yetu, hakuna aliyefikiria kwamba Salumu haishi ukumbini. Mimi mwenyewe nilizaliwa vichochoro vitatu kutoka kwake, nikivipita kila siku, na sikufikiria.

Kichochoro cha akina Salumu, watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Mwisho wake kuna kona, kisha mfereji wa maji ya mvua, na juu ya mfereji jiwe bapa lililolalia upande mmoja. Mbao ziliwahi kuwekwa mara nyingi. Mvua huondoka nazo, au mtu huenda kuzipikia. Na watu wa Biryogo hawawezi kumwona mtu anahangaika wakanyamaza: mmoja anavuta mkono, mwingine anashika gongo, wa tatu anaelekeza. Siku moja, akija kituoni, Salumu aliwafukuza wote, akalikanyaga jiwe peke yake, gongo likateleza, akaangukia kidevu. Alitufikia na plasta usoni na hasira ya watu watano.

Mzee Bahati alivua aproni, akachukua penseli yake na gongo moja, tukashuka naye Biryogo. Alipima kichochoro kwa gongo, akapima kona, akalikanyaga lile jiwe huku na huku. Kinyozi na Mama Sofia muuza sambusa walitoka kutazama, na watu wengine nyuma yao. Mwishowe Mzee akanyooka. "Hapa gongo haipiti," akasema. "Hapa iko lazima mutu."

Salumu akakaa chini palepale. Akasema basi, ameshakwenda Bujumbura.

Nikapendekeza tutafute ubao mpana, tuuweke asubuhi ya Idd, tuulinde mpaka swala iishe. Nilijiona mjanja sana. Salumu akaniuliza siku ya pili ya Idd atavukia nini. Mzee Bahati akakaa naye chini, magoti yakilia, akamwambia kwamba mwanzo alimlalia Hadija, na sasa anakataa hata kutegemea, amepita katikati bila kusimama. Akamuuliza kofia hii ya sufi kichwani mwake aliifuma nani, na mkate anaoula kila siku huokwa na nani, na je, yeye Bahati ni kilema? Kinyozi akasema kwa kofia ile, huenda. Tukacheka, hata Salumu.

Tukaanza mazoezi upya, na safari hii wanafunzi walikuwa majirani. Salumu alifundishwa kuomba: simama kabla ya jiwe, magongo yote mkono mmoja, chagua mtu, mwambie unataka nini na asifanye nini. Nipe bega, simama, usinivute. Majirani walifundishwa kusimama, na hiyo ilikuwa kazi. Kinyozi alivuta. Akaambiwa asivute, akavuta. Mama Sofia alisimama vizuri lakini alifumba macho na kusoma dua kwa sauti, ikabidi tumwambie anamtisha mgonjwa. Baada ya siku chache kulikuwa na mabega mengi yaliyofuzu katika kona ile kuliko wauguzi waliofuzu hospitalini. Ila sharti la Rajabu lilikuwa palepale, na kila mmoja wetu alilijua. Salumu hakusema atafanya nini, nasi hatukuthubutu kumuuliza.

Usiku wa kuamkia Idd mvua ikanyesha. Asubuhi Salumu akatoka na kanzu aliyoshona mwenyewe, kifua mbele. Rajabu alimfuata, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Hadija na mimi tukawafuata hao wawili. Kichochoroni alikwenda vizuri, ubavu ubavu kama alivyofundishwa, akipokea salamu za Idd bila kusimama. Tukafika kwenye kona. Jiwe lilikuwa linang'aa kwa maji. Kinyozi na Mama Sofia walikuwa wamesimama kando, mikono mifukoni, maana walionywa kwamba leo ni marufuku.

Salumu akasimama. Alilitazama jiwe kwa muda. Angeweza kujaribu, siku kavu alishawahi kulivuka peke yake mara moja au mbili, na mara nyingine ndio kile kidevu. Akayahamishia magongo yote mkono mmoja. Kisha akageuka nyuma.

"Kaka," akasema, "nipe bega."

Hadija alijifunika uso kwa mtandio. Rajabu mwenyewe alisimama mdomo wazi, halafu akamrukia mdogo wake, akamkamata mkono wote akaanza kuvuta kwa nguvu zake zote za mapenzi.

"Usinivute, Kaka. Simama tu."

Sidhani kama katika maisha yake Rajabu aliwahi kuamriwa na mdogo wake. Akasimama. Salumu akaweka kiganja begani kwake, akapima, akaruka, akatua upande wa pili, akagawa magongo yake mawili makwapani. Akasema asante Kaka, hapa huwa naomba, akaendelea na safari kama mtu aliyesimama kidogo dukani kununua sigara. Rajabu akabaki ng'ambo. Miguu yake yote miwili ilikuwa mizima na viatu vyake vilikuwa vipya, na hivyo viatu vikateleza. Kinyozi akampa bega bila kuombwa, na safari hii hakuvuta. Rajabu akavuka, akatazama huku na kule kuona nani ameona. Sote tulikuwa tumeona.

Baada ya swala tulirudi kwa njia ileile, tukala pilau kwao. Pilau ilikuwa nzuri na hakuna aliyeisikia ladha yake. Rajabu alikula akitazama cherehani iliyokuwa dirishani na lundo la vitambaa juu yake ambavyo mtaa ulishaanza kuvileta tena, maana juma lililofuata kulikuwa na harusi mtaani. Watu walikuwa wakiingia kutoa mkono wa Idd, lakini mkono ukishatolewa wanaulizia nguo. Mama Sofia aliulizia gauni la bintiye. Kinyozi aliulizia suruali. Mtu mmoja hakusalimia kabisa, aliulizia tu. Salumu akawajibu wote, huyu kwa mzaha, yule kwa kuapa.

Walipotoka akanawa mikono, akamgeukia kaka yake.

"Nilishikwa, Kaka. Umeona mwenyewe. Sharti ni lako."

Hadija aliacha kukusanya sahani. Rajabu akanyanyuka, akaingia chumbani alikolala, tukasikia begi linafunguliwa. Nilimshika Hadija mkono. Rajabu akatoka ameshika suruali ya suti. Akamwambia Salumu, bila kumtazama usoni, kwamba inambana kiunoni, na angependa kurudi nayo Bujumbura ikiwa imetanuliwa, kama inawezekana.

Salumu aliipokea. Aliigeuza ndani nje, akavuta mshono kwa kucha kuona kama kuna kitambaa cha ziada, akakunja, akanyanyua lile lundo lote juu ya cherehani na kuiweka chini yake kabisa.

"Kuna watu mbele yako, Kaka," akasema. "Njoo kesho."